UZI: Chuo kinajua nani atadisko (ataondolewa chuo kwa kufeli) kabla hata ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Kwa nini mwanafunzi mwenyewe awe wa mwisho kujua?

Mwana wa Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Nafundisha takwimu kwa muda hapa Tabora mjini. Chuo sikitaji na msikitafute. Wiki chache nyuma, kwenye grupu la WhatsApp la darasa mojawapo ilitua picha ya faili la Excel. Aliyeirusha ni CR (kiongozi wa darasa), naye alipewa na mtu wa ofisini "awahimize wenzake". Ndani yake kuna jina kamili, namba ya usajili, asilimia ya mahudhurio, alama za CA (majaribio na kazi za muhula), deni la ada, ana mkopo au hana, na wilaya anakotoka. Safu ya mwisho imepakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa WALIO HATARINI KUTOENDELEA.

Vijana wetu mnawajua. Kabla jua halijazama darasa lilishagawanyika Simba na Yanga. Wenye rangi nyekundu wakawa Wekundu wa Msimbazi, wa kijani na njano wakawa Wananchi. Vicheko kwa wingi, ila waliocheka sana walikuwa hao hao wa kijani.

Kuna binti mmoja mle, nyekundu tupu, mahudhurio yake yameandikwa chini ya nusu. Binti huyu hukaa mstari wa mbele kwenye kipindi changu, na huuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Kwao ni Urambo, wanalima tumbaku. Likizo nzima anachuma, anafunga, anachambua. Utomvu wa lile jani unaganda vidoleni mweusi kama lami, na kuusugua kunachubua ngozi. Akirudi chuoni mashine ya alama za vidole haimsomi. Anabonyeza, inalia, inakataa. Anafuta kidole kwenye sketi, anabonyeza tena, foleni nyuma inapiga kelele, anaachana nayo awahi kiti. CR humwandika kwenye karatasi, na karatasi hiyo haijawahi kuingizwa kwenye faili.

Kwa hiyo mfumo unasema hahudhurii. Ada anadaiwa, maana nyumbani fedha ya zao haijatoka. Mkopo alikosa. Baadaye nililiona faili lenyewe na fomula yake: deni la ada limepewa uzito mkubwa kuliko CA! Yaani mashine imepima umaskini wa mtu, ikauandika kama uwezo wake darasani.

Sasa tuingie kwenye mada. Mnaposikia "data kubwa" msidhani ni mitambo ya Ulaya tu. Chuo cha kawaida hapa kwetu kina matokeo ya kidato cha nne na cha sita, taarifa za mkopo, malipo ya ada kwa namba ya udhibiti, kumbukumbu za Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni (umeingia saa ngapi, umefungua somo gani, umekaa dakika ngapi), vitabu vya maktaba, na sasa alama za vidole. Kimoja kimoja havisemi mengi. Viunganishe uone. Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, Profesa Sudha Ram na wenzake walichukua kumbukumbu za kadi ya mwanafunzi, ile anayopitisha maktaba, kantini, hata kwenye mashine za soda, karibu sehemu 700. Wakaangalia nani anapitisha kadi sehemu ile ile muda ule ule na nani. Kutokana na hapo wakakisia urafiki, na mwaka wa kwanza yupi ana upweke wa kumfanya asirudi mwaka wa pili. Majina waliyaondoa, sawa. Lakini fikiria kadi ya kununulia soda inaeleza kwamba huna marafiki.

Wengine watasema: si vizuri basi, asaidiwe? Ndiyo, na nina mifano miwili ya kuwapa, yote ya Marekani.

Georgia State, chuo cha umma pale Atlanta, chenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini. Mwaka 2003 waliokuwa wakimaliza shahada ndani ya miaka 6 walikuwa asilimia 32 tu. Mwaka 2012 wakaanza kutumia mfumo uliochambua alama za miaka 10 iliyopita, kama alama milioni 2.5, ukatoa viashiria zaidi ya 800 vya hatari. Mwanafunzi akiteleza, mshauri wake wa masomo anapata taarifa na anamwita. Ndani ya miaka michache waliomaliza walifika asilimia 54. Hawakufanya hilo peke yake, walikuwa na mipango mingine pia ya kuwasaidia ada, lakini mfumo ulikuwa na mchango. Na jambo ambalo wauzaji wa programu hawalitaji: waliajiri washauri wapya zaidi ya 40. Kinachogharimu pale ni watu wa kumwita mtoto na kukaa naye.

Wa pili ni Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Kikatoliki, Maryland. Mwaka 2015 wanafunzi wapya walipewa dodoso. Ilivyokuja kugundulika, rais wa chuo, Simon Newman, alitaka majibu yatumike kuwabaini wanaoelekea kushindwa ili washawishiwe kuondoka mapema, kabla ya tarehe ya kuhesabu idadi, ili asilimia ya wanaobaki ionekane nzuri. Gazeti la wanafunzi lilianika jambo hilo Januari 2016, na mwisho wa Februari akajiuzulu.

Orodha ile ile. Huku inatumika kumvuta mtu ndani, kule kumsukuma nje. Mwanafunzi akiangalia fomu aliyojaza hawezi kujua yuko kwenye chuo cha aina gani.

Hoja yangu ni moja, na ndiyo nataka tuijadili: mtu wa kwanza kuiona rangi yake awe mwanafunzi mwenyewe. Kabla ya CR, kabla ya mkuu wa idara, kabla ya mhasibu. Aione pamoja na sababu zake, na apewe siku za kusema "hapa mmekosea". Si ndoto hii. Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, walikuwa na taa za kijani, njano na nyekundu kama rangi hizi tangu miaka ya 2000 na mwanafunzi alikuwa akiiona taa yake. (Madai yao kwamba taa ziliwabakiza watu chuoni yalikuja kutiliwa shaka mwaka 2013: ilionekana huenda waliopata taa nyingi ni wale ambao tayari walikuwa wamebaki muda mrefu. Watu wa takwimu mtaupenda mjadala ule.)

Naomba kuwasilisha.

Kudoji Kwa Heshima

Kwa hiyo mkuu siku hizi hata kudoji kunafanyiwa hesabu? Tumekwisha.

Mbeba Maji wa Ipuli

Mwalimu umegusa penyewe. Mimi ni mwaka wa pili, hapa hapa Tabora, niseme jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ukiomba chuo jina lako la kuingilia ni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Chuoni kwetu nywila ya kuanzia ni jina la ukoo kwa herufi kubwa. Nusu ya darasa hawajaibadilisha mpaka leo. Namba yako ya mtihani ninayo, ipo kwenye orodha ya waliochaguliwa iliyobandikwa ubaoni na kuwekwa mtandaoni. Jina la ukoo ninalo, liko pembeni yake. Ninaingia kwenye akaunti yako naona sapu zako (mitihani ya kurudia), ada yako, namba ya simu ya mzazi. Na hata nisipoingia, namba ile ile nikiipeleka kwenye matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) yaliyo wazi mtandaoni naona ulipata nini hisabati.

Kuna jamaa alibadilishiwa chaguo la kozi na ex wake kwa njia hii. Tulicheka, ila alisumbuka ofisi kwa ofisi kulirudisha.

Mama Asali, Sikonge

Nimesoma yote. Wanangu, mimi ni mzazi, nauza asali, nasomesha watatu. Mnaongea faragha, faragha, na mimi nawaelewa. Ila nisikilizeni na mimi.

Mwanangu mkubwa aliacha kuingia darasani muhula mzima. Alikuwa anaumwa moyo wa mapenzi au sijui makundi, hakusema. Mimi natuma hela ya chumba, natuma hela ya kula, chuo kinapokea ada yangu kinanyamaza. Nimekuja kujua ameshadisko, tena kwa jirani. Hiyo mashine ya vidole ingenitumia ujumbe mfupi hata mmoja, mtoto asingepotea. Sasa mnataka aone yeye kwanza! Huyo aliyekuwa amejifungia chumbani ndiye mumwoneshe rangi nyekundu?

Mwana wa Isevya

Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyokukuta, na swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, sitajifanya nina jibu la haraka.

Kisheria kijana wa miaka 18 ni mtu mzima. Hata Marekani, sheria yao ya kumbukumbu za elimu ya mwaka 1974 inasema akishaingia chuo haki ya kumbukumbu zake inahama kutoka kwa mzazi kwenda kwake, ingawa imeacha milango fulani, mfano kama ni hatari ya maisha au mzazi bado anamhesabia kama tegemezi kwenye kodi. Lakini sheria tuiweke pembeni kidogo. Unavyosimulia, chuo kilikuwa na taarifa na hakuna mtu aliyegonga mlango wa kijana wako. Ujumbe kwako ungesaidia, sikatai. Ila ningependa siku ya kujiunga yeye mwenyewe aandike: "nikikosa darasa wiki tatu mfululizo, mpigieni mama." Aandike akiwa mzima na ana akili zake. Wengi wangeandika, mama, hasa ukiwa umekaa naye pembeni siku hiyo ya usajili.

Mama Asali, Sikonge

Marahaba. Hilo la kuandika siku ya kujiunga nalikubali. Ila na mimi niwepo, maana fomu zenyewe mnajaza bila kusoma.

Kamusi ya Sheria

Wadau, niweke msingi maana naona tunaongea kama nchi haina sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Chuo ni mkusanyaji wa taarifa kama benki au kampuni ya simu, na kinatakiwa kujisajili kwenye Tume.

Sasa someni hapa taratibu. Sheria inataja taarifa nyeti, na ndani yake zimo alama za kibaiolojia kama vidole, na miamala ya fedha ya mtu. Hizo hazichakatwi bila ridhaa yako ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotoa ruhusa nyingine. Taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumike kwa lengo jingine lisiloendana nalo. Kidole ulichotoa kwa ajili ya mahudhurio hakikutolewa kwa ajili ya grupu la WhatsApp. Una haki ya kuomba kuona taarifa zako, haki ya kudai zirekebishwe, na kuna kifungu kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: unaweza kutaka mtu ayaangalie upya.

Huyo binti wa Urambo ana kesi nzuri kuliko anavyodhani.

Afisa Asiye na Jina

Nimekaa kwenye ofisi za udahili miaka mingi, acheni nitetee upande ambao hautetewi.

TCU (wasimamizi wa vyuo vikuu) wanataka takwimu, NACTVET (wasimamizi wa vyuo vya ufundi) wanataka, Bodi ya Mikopo inataka matokeo ya kila mnufaika ili bumu (fedha ya kujikimu) liendelee kutoka. Kila mmoja na fomu yake na tarehe yake. Ofisini tuko wawili na kompyuta moja inayogoma. Msidhani kuna mtu amekaa anapanga kuwadhalilisha vijana. Aliyetengeneza hilo faili yawezekana ni kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyeambiwa "tuletee wanaoelekea kudisko, kesho kuna kikao", akaunganisha alichokipata. Ada imepewa uzito mkubwa kwa sababu ndiyo safu pekee iliyokuwa imejazwa yote.

Mnaposema "chuo kina data kubwa" mimi hucheka. Tuna data nyingi, chafu, na kila mwenye flashi ameondoka na nakala yake.

Kamusi ya Sheria

Afisa, hiyo sentensi yako ya mwisho ukiisema mbele ya Tume usiku hutalala.

Afisa Asiye na Jina

Najua. Ndiyo maana sina jina.

Mwandiga Stendi

Niko Kigoma, naongeza kitu kuhusu hiyo safu ya wilaya, maana wengi mmeiruka.

Sisi watu wa mpakani tunajua swali la "babu yako alizaliwa wapi" lina uzito gani. Fomu nimejaza nyingi, na kila ninapokutana na kisanduku cha alikozaliwa mzazi kalamu inasita. Simsingizii mtu. Nauliza tu: kwa kufundishwa uhasibu, hiyo taarifa ina kazi gani? Ukishaiweka kwenye mfumo unaotabiri, inageuka kuwa kigezo. Mwaka 2021 gazeti la mtandaoni la The Markup lilionesha vyuo vikubwa vya Marekani vikitumia programu ya kutabiri ambayo rangi ya mwanafunzi ni mojawapo ya vigezo vyake, na kwenye baadhi ya vyuo weusi waliwekwa kundi la hatari kubwa mara kadhaa zaidi ya weupe. Hawajafeli bado, wamezaliwa tu.

Na Uingereza mwaka 2020, mitihani ilipofutwa kwa ajili ya korona, hesabu ya kompyuta iliangalia historia ya shule yako ndipo ikakupa alama. Karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa chini ya makadirio ya walimu. Mtoto hodari kwenye shule isiyofanya vizuri aliumia. Watoto waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma. Sasa weka Kakonko au Kibondo kwenye fomula ya hilo faili la Tabora, mtoto wa shule ya kata anaanza mbio akiwa nyuma ya mstari.

Halafu huku kuna siku mtandao unakata asubuhi unarudi jioni. Mashine inaandika darasa zima halikuja, pamoja na mwalimu.

Kudoji Kwa Heshima

Hiyo ya mwalimu naye kuwa nyekundu nimeipenda 😂

Mtafiti Njiani

Swali la dhati. Nafanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu wanaoacha chuo. Nikipewa data isiyo na majina kuna tatizo gani? Mkibana kila kitu hatutajua chochote.

Mwana wa Isevya

Hakuna anayetaka kukubana. Lakini "tumeondoa majina" ni kauli nyepesi. Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kuwatambua kipekee karibu asilimia 87 ya Wamarekani. Na hiyo ni nchi ya mamilioni ya watu. Wewe unakwenda kwenye chuo ambacho darasa lina msichana mmoja tu wa kutoka Kaliua. Andika "mwanamke, Kaliua, mwaka wa pili, hana mkopo", mpaka muuza chipsi wa getini anajua ni nani.

Kwa hiyo omba idadi badala ya mtu mmoja mmoja pale inapowezekana. Unganisha wilaya ziwe kanda. Kundi lenye watu wachache mno usilichapishe. Faili likae sehemu moja yenye nywila, na ukimaliza ulifute. Utafiti wako utakuwa mzuri vile vile.

Mtafiti Njiani

Nimekupata mwalimu. La kulifuta ndilo sijawahi kulisikia kwa msimamizi wangu.

Mbeba Maji wa Ipuli

Mrejesho kidogo. Jana tumekaa na yule dada wa Urambo, tukaandika barua kwa msaada wa maelezo ya Kamusi hapo juu. Ameomba mambo matatu: aoneshwe taarifa zake zote zilizo kwenye lile faili, mahudhurio yarekebishwe kwa karatasi za CR (tumezipata, zilikuwa kwenye droo, zimesainiwa), na aambiwe ni nani mwingine amepewa orodha. Masjala wameipokea, wakagonga mhuri, wakasema arudi Jumatano.

Kuna CR mwingine kasema sisi ni wakorofi, tutamharibia mtu kazi.

Afisa Asiye na Jina

Hamjaharibu kazi ya mtu. Ila Jumatano msiingoje hivi hivi. Barua ya namna hiyo masjala huipeleka kwa mshauri wa wanafunzi, na huyo hana hilo faili wala hajui lilipo. Nakala moja mpelekeeni mkuu wa kitengo cha TEHAMA, nyingine ofisi ya taaluma, zote zigongwe mhuri. Karatasi za CR msizitoe, toeni vivuli. Na muulizeni TEHAMA kwa maandishi kama ile mashine inaweza kusajili kidole cha pili, cha mkono wa kushoto. Zinaweza karibu zote, hakuna aliyewahi kuuliza.